Nyumba ya Zambarau Iliyogeuzwa Taa

Juzi Jumamosi mmoja wenu alinijia hapa Edmonton, kaskazini ya London, na simu mkononi, akanionyesha picha ya kinyumba cha udongo, akaniuliza, "Bibi, hiki ni cha kweli au cha bandia?" Nikamwambia, "Mwanangu, picha haina uzito, haina harufu, wala haina kitako. Unanionyesha bibi harusi kwenye ushungi, halafu unaniuliza umri wake." Mkacheka nyote, mkanywa chai, mkaondoka. Baadaye nikaona nimewapunja. Mlikuja kujifunza kazi, mie nikawapa mzaha. Basi nimekaa niandike, maana magoti yamekataa kusimama sokoni lakini mkono bado unashika kalamu.

Kwa wasionijua, mie ni Mwanahamisi, mzaliwa wa Tanga. Kwa miaka kumi na minane kazi yangu London ilikuwa kununua, kusafisha na kuuza nyumba. Si hizi za matofali ambazo mnalia hamziwezi. Zangu zilikuwa za kukaa kiganjani. Waingereza wa zamani, hasa wafinyanzi wa kaunti ya Staffordshire, walitengeneza vinyumba vya udongo vya kupambia rafu ya juu ya meko: vibanda vya shamba, makanisa, ngome, minara ya saa. Wakavipaka maua, wakavichoma tanurini, vikauzwa kwa watu wa kawaida ambao pengine wenyewe walipanga chumba kimoja. Vingine vilikuwa vibweta vya kuwekea akiba. Na vingine, hivi ndivyo vilivyoninasa, vilikuwa vyetezo. Ndiyo, vyetezo kama vya kwetu. Unaingiza kidonge cha makaa na manukato kwa mlango wa nyuma, moshi unapanda na kutokea kwenye dohani, na sebule inanukia. Ukikiona kwa mbali ungedhani kuna watu wadogo ndani wanapika chakula cha mchana.

Sikuanza nikiwa mjuzi. Nilianza nikiwa na kitambaa cha vumbi. Miaka ya tisini nilikuwa nikifanya usafi kwenye nyumba za watu, na mmoja wao alikuwa Bi. Marjorie, mwalimu mstaafu, mjane, aliyeishi Palmers Green, mwendo wa basi moja kutoka kwangu. Sebule yake ilikuwa na vinyumba zaidi ya mia. Siku ya kwanza aliniwekea sheria: "Sakafu, jiko, bafu. Rafu usiguse." Nikaiheshimu sheria hiyo miezi minne. Sikugusa. Lakini hakusema nisinuse.

Siku moja alikuwa jikoni, mie nafagia chini ya meza ndogo iliyokuwa na vinyumba viwili vinavyofanana, kimoja kila upande. Nikainama, nikakisogelea cha kushoto hadi pua ikakaribia dohani. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Nanusa, mama."

"Kwa nini unainusa nyumba yangu?"

Nilijua kazi imekwisha, kwa hiyo nikasema kweli yote. "Hiki ni chetezo. Kimefukizwa miaka na miaka. Mama yangu anacho cha namna hii, chake hakina madirisha tu. Lakini hiki cha kulia hakijawahi kuwashwa hata siku moja. Ni pambo tu."

Bi. Marjorie alinisogelea. Alivua miwani, akapiga magoti kwenye zulia, mama wa miaka sabini na kitu, akanusa cha kushoto. Akanusa cha kulia. Akarudi cha kushoto. Vile vinyumba alikuwa ameuziwa kama jozi, pacha wa tumbo moja, na miaka kumi na mitano alikuwa akiwaonyesha wageni hivyo.

"Keti," akaniambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kiti cha sebule ile.

Toka siku hiyo kila Alhamisi nilisafisha kwa saa mbili na kusoma kwa saa moja. Darasa lilikuwa zulia, vitabu vilikuwa vinyumba vyenyewe. Hakunifundisha kutazama mbele. Alinigeuzia kitu juu chini, akasema, "Uso wanaupamba wote. Anza na kitako." Akanieleza kwamba udongo wa zamani ulikandamizwa kwa mkono ndani ya kalibu, nusu ya mbele na nusu ya nyuma, kisha zikaunganishwa, ndiyo maana kwenye chetezo, ambacho kitako chake kiko wazi, ukitia kidole ndani unakuta alama za vidole vya mtu, pengine mama, pengine mtoto, na ukuta una unene hapa na wembamba pale. Baadaye wakaanza kumimina udongo wa majimaji kwenye kalibu. Huo unatoka mwembamba kila mahali, mwepesi kama ganda la yai, na tundu la chini linapitisha kidole kizima. La zamani, kwa vilivyozibwa kitako, ni dogo, la kutolea mvuke tu.

Nyufa nyembamba za juu ya rangi, zile kama utando wa buibui, msizipende haraka. Za kweli hazifuati mpango. Za bandia wameziingiza chai ili zionekane zee, na zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Dhahabu ya zamani imefifia pale mikono ilipopita. Ukiona inang'aa kama jino la mchumba, iogope. Na vile vinyasi vya kijani vilivyobandikwa kwenye paa na ukuta, huo ni udongo uliosukumwa kwenye chujio ukatoka kama tambi. Vya kweli vinakwaruza kidole. Hayo yote nilijifunza kwa mtu ambaye hakuweza kutamka jina langu. Alijaribu Mwanahamisi mara tatu, akachoka, akaniita Hamisi. Nilipomsimulia mama yangu kwenye simu alishtuka: "Yaani wamekufanya mwanamume?"

Msidhani kujua ni kutokosea. Mwaka wangu wa kwanza wa kusoma nilijiona nimeiva. Nikaenda kwenye soko la Jumapili, lile la watu wanaouzia nyuma ya gari, nikaona ngome. Minara miwili, lango, bendera, kitako kimebandikwa kitambaa kizito cha kijani ili isikwaruze meza. Nikainunua bila kupumua. Nikaipakata kwenye basi kama mtoto wa siku saba. Alhamisi nikaiweka mbele ya Bi. Marjorie, nikasimama kando nikingoja sifa.

Aliitazama kidogo, akanipa kisu cha siagi. "Bandua kitambaa."

Nikabandua. Chini yake palikuwa na karatasi ndogo ya duara yenye maandishi: Inafaa kuoshwa kwa mashine ya vyombo.

Bi. Marjorie alicheka hadi akakohoa. Mie machozi yalinitoka. Halafu nikaisoma tena ile karatasi, na mie nikacheka. Akaniambia, "Hamisi, kila mtu katika kazi hii ana ngome yake. Mie ninayo kabatini. Iweke mahali utakapoiona kila siku." Niliiweka bafuni, tukaitilia miswaki. Binti yangu Salha alikua akidhani wafalme wa Uingereza walijengewa ngome kwa ajili ya meno.

Cha kwanza cha kweli nilikipata mwaka uliofuata, kibanda cha paa la nyasi chenye waridi mlangoni. Furaha ilinizidi, nikanunua kadi ya simu nikampigia mama. Laini ilikuwa mbaya.

"Mama, nimenunua nyumba!"

"Alhamdulillahi! Ina vyumba vingapi?"

"Haina vyumba, mama. Ina dohani."

Alichosikia hakikuwa nilichosema. Kufika Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Mwanahamisi ana nyumba Ulaya, na mjomba wangu mmoja alishauliza nauli ya ndege. Ilinichukua simu tatu kuipunguza nyumba ile mpaka ikarudi kimo chake. Simu ya tatu mama aliuliza, "Kwa hiyo umevuka nchi zote hizo kwenda kununua chetezo?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa vinauzwa sokoni."

Nilipopata meza yangu mwenyewe kwenye soko la vitu vya kale, magharibi ya jiji, niliacha usafi siku tatu kwa wiki, kisha nikauacha wote. Wateja wa mwanzo walinizoea pole pole. Mwanamume mmoja alisimama mbele yangu dakika tano nzima akitazama vinyumba, mwisho akauliza, "Mwenye meza amekwenda wapi?" Nikamwambia, "Hajaenda popote. Ameketi mbele yako anangoja umsalimie." Akanisalimia. Alikuja kuwa mteja wangu miaka kumi. Yeye alipenda nyumba za mauaji. Msishangae, Waingereza wa zamani mtu akiuawa kwenye nyumba fulani na kesi ikavuma, wafinyanzi waliitengeneza nyumba hiyo, na watu waliinunua wakaiweka karibu na picha za watoto wao. Mie niliziuza, lakini sikuwahi kulala na moja chini ya paa langu.

Sasa niwafikishe kwenye nyumba ya zambarau.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Kanisa moja karibu na kwangu lilikuwa likiuza vitu vilivyotumika ili watengeneze paa. Nikapita kwenye vikombe, nikapita kwenye nguo, nikafika kwenye meza ya taa za kitandani. Katikati yake palisimama taa yenye kofia ya kitambaa cha pinki, chafu, na chini ya kofia hiyo palikuwa na nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zambarau, zambarau iliyopauka kama anga ikitaka kupambazuka, na vinyasi vyeupe pembeni mwa madirisha. Mtu alikuwa amepitisha waya chini, akautoa kwenye dohani, akafunga balbu juu.

Mama mwuzaji aliniambia kwa huruma, "Mpenzi, hiyo haiwaki."

"Haidhuru," nikasema. "Sitaki iwake."

Nikalipa, nikaipakata mpaka nyumbani. Vyetezo vya zambarau ndivyo vilivyotafutwa kuliko vyote, kwa sababu ile rangi haikupakwa juu. Wafinyanzi waliichanganya na udongo wenyewe kabla ya kufinyanga. Ukikivunja, ndani ni zambarau vilevile. Vya kuiga ni udongo mweupe uliopakwa rangi. Lakini ningejuaje? Pande zote zilifunikwa na ule ung'avu kama kioo ambao wafinyanzi huupaka juu ya udongo kabla ya kuchoma, na kitako, mahali pekee pa kuuona udongo mtupu, kilikuwa kimezibwa, pamoja na mlango wa nyuma, na plasta nene ili taa isianguke.

Nikampelekea Harshadbhai. Huyu alikuwa mzaliwa wa Mwanza, mkaazi wa Stanmore, mwenye duka la vifaa vya umeme Ilford, na Kiswahili chake kilikuwa hakijapoteza hata herufi. Aliifungua ile taa kwa bisbisi kama daktari wa macho. Waya ukatoka, balbu ikatoka, kishikio kikatoka.

"Dada, plasta hii je? Nitoe?"

"Acha."

Niliogopa, ndiyo kweli. Plasta ikivimba kwa maji inaweza kupasua udongo. Na Bi. Marjorie alikuwa amenifundisha kwamba kitu kikisimama chenyewe, usifungue ukarabati wa zamani bila sababu. Nikainusa dohani: nikapata harufu ya waya ulioungua, na nyuma yake, mbali sana, kitu kingine. Lakini pua yangu ilikuwa na tamaa, sikuiamini.

Wakati huo Bi. Marjorie alikuwa amehamia kwenye nyumba ya wazee, Enfield, na vinyumba kumi tu alivyoweza kwenda navyo. Nikampelekea. Aliigeuza geuza. "Naamini," akasema, "lakini macho yangu hayafai tena kuyaapia." Kisha akaomba karatasi. Kulikuwa na maonyesho makubwa ya kila mwaka kwenye hoteli moja katikati ya jiji, ya wauzaji wa vyombo vya udongo, na muuzaji hupewi meza mpaka mtu anayejulikana akuandikie barua. Akaniandikia. Aliandika kwamba ananijua miaka kumi, na kwamba anaweka jina lake juu ya jina langu.

Hapo ndipo mzigo ulipoanza kuwa mzito. Ningeaibika peke yangu, ningevumilia. Sasa ningeaibika pamoja naye.

Maonyesho yale yalikuwa na utaratibu. Siku moja kabla ya kufungua, wauzaji mnapanga meza zenu, kisha mnatolewa nje. Kamati ya watu watatu inapita meza kwa meza na tochi. Kitu wasichokiamini wanakiondoa, wanakifungia kabatini, wanaacha kikaratasi. Alasiri mkiruhusiwa kurudi, kila mtu anatembea haraka bila kutaka aonekane anatembea haraka. Mie nilipofika kwenye meza yangu, katikati, pale nilipoisimamisha ya zambarau, palikuwa na nafasi tupu na kikaratasi: Nakala ya karne ya ishirini, iliyotengenezwa kuwa taa.

Muuzaji wa meza ya jirani alikuwa ameshakisoma. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akipanga upya sahani zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Kanuni ilisema unaweza kukata rufaa asubuhi, kabla milango haijafunguliwa saa tano. Saa mbili nilikuwa pale. Harshadbhai alikuwa nami. Alifunga duka lake siku nzima ili anibebee masanduku. Tukaingizwa kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi. Mkuu wa kamati aliitwa Alistair, mrefu, mpole wa sauti, mwenye miaka thelathini katika kazi. Alikuwa na wenzake wawili: mama mwenye daftari na mzee mmoja aliyekuwa akitazama saa.

"Bibi, dohani imetobolewa kwa mashine," akaanza.

"Kweli. Na kadi niliyoiweka mbele yake mezani imeandikwa hivyo. Mliisoma?"

Mama mwenye daftari akaitafuta kadi, akaisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Kitako ni plasta ya juzi juzi. Masizi kwenye dohani hakuna. Rangi ni safi mno. Sisi tunaona ni taa iliyozaliwa taa."

"Mmeitazama," nikasema. "Mmeinusa?"

Wakatazamana. Yule mzee akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto. Nikajua nikiendelea kubishana kwa maneno nimeshindwa, kwa sababu maneno yao yalikuwa na miaka mingi kuliko yangu.

"Naomba ruhusa nitoe plasta hapa hapa, mbele yenu."

Alistair akakunja uso. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue. "Itapasuka. Mimi mwenyewe nisingethubutu. Ikipasuka, huna kitu tena, hata taa."

"Ikipasuka ni yangu. Isipopasuka ni yangu vilevile, ila kikaratasi chenu kitabadilika."

Harshadbhai akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Dada, una hakika?"

"Sina. Nenda jikoni kwao uniletee siki."

Akaenda. Akarudi na chupa ya siki, bakuli la maji ya vuguvugu na vijiti vya mbao vya mishikaki ambavyo mpishi alimpa bila kuuliza. Nikalaza nyumba kichwa chini juu ya taulo la hoteli. Sasa sikilizeni, hili ni la kazi: usiloweshe kitu kizima. Unadondosha siki na maji kidogo kidogo kwenye plasta tu, unangoja, unakwaruza kwa mbao, si kwa chuma. Unaanza katikati unaelekea ukingoni, ili plasta ikitaka kuvimba ipate nafasi ya kukimbilia. Na huharakishi, hata kama watu watatu wanakutazama na ukutani kuna saa.

Saa tatu ilipita. Nilikuwa nimechimba shimo la kuingia kijiko. Saa tatu na nusu kitu kikalia: tak.

Nikaondoa mikono. Harshadbhai alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda, na najua hakuwa akihesabu. Nikaipapasa nyumba ukuta kwa ukuta kwa ncha za vidole. Ilikuwa nzima. Kilicholia ni plasta yenyewe, ilikuwa imejitenga na ukingo. Nikatia kijiti pembeni, nikainua pole pole, na ile plasta ikatoka yote kwa pamoja kama kifuniko cha mkebe.

Chini yake, ukingo wa udongo mtupu, usio na ung'avu wowote. Palikuwa na pengo dogo mahali fulani, mtu aliugonga zamani. Na ndani ya pengo lile, na ukingoni kote, na kwenye kuta za ndani kadiri mwanga ulivyoweza kuingia, palikuwa zambarau. Zambarau mpaka kwenye kiini.

Nikawasukumia.

Yule mzee wa saa alikuwa wa kwanza kutoa tochi. Alimulika ndani, akatazama kwa muda, akasema polepole, "Alistair, kuna alama ya kidole gumba."

Alistair akaichukua, akaigeuza, akatia kidole chake ndani. Nilimwona anaipapasa ile alama. Mtu aliyekandamiza udongo ule alikufa kabla bibi za bibi zetu hawajazaliwa.

Pangetosha hapo. Lakini mie nilikuwa nimeuliza swali mwanzoni na halikujibiwa. Nikamwambia Harshadbhai aende mapokezi aombe mashine ya kukaushia nywele. Akakimbia, mzee wa watu, na suti yake. Nikaiwasha kwa moto mdogo, nikaipitisha kwenye mlango wa nyuma wa kinyumba ili hewa ya joto ipande kwenye dohani. Wanawake wa kwetu wote wanajua jambo hili: chetezo hakisahau. Kikipata moto, hata kama hakina kitu ndani, kinatoa ulichokilisha.

Kwanza ilitoka harufu ya waya ulioungua. Alistair akarudi nyuma kidogo. "Ngoja," nikamwambia. Nikazidi kuipasha. Na pole pole, kutoka chini ya ile harufu mbaya ya taa, ikapanda nyingine, tamu, kavu, ya zamani sana.

Mama mwenye daftari alifumba macho. "Lavenda," akasema.

"Na karafuu," nikasema mie, kwa sababu karafuu sihitaji kufundishwa na mtu.

Alistair aliinamisha kichwa chake mara tatu juu ya dohani ile. Aliponyanyuka macho yake yalikuwa yamebadilika. "Miaka thelathini," akasema, "nimeshika mamia ya hivi, na sijawahi kunusa hata kimoja." Akachukua kile kikaratasi, akakichana vipande viwili, akavitia mfukoni mwake. Kisha akanifungulia mlango wa ukumbi mwenyewe, mie nikiwa nimeibeba nyumba yangu kwa mikono miwili, Harshadbhai nyuma yangu na chupa ya siki kama mbeba bendera.

Nilipita katikati ya meza zote. Sikutembea haraka.

Saa tano milango ikafunguliwa, na katika watu wa mwanzo kabisa niliona kiti cha magurudumu. Mhudumu wa Bi. Marjorie, mama Mkongomani wa Bukavu, ndiye aliyekisukuma. "Mama, jambo," akanisalimia. "Huyu bibi hajatulia tangu asubuhi. Ni Hamisi, Hamisi tu."

Bi. Marjorie aliitazama nyumba. Akaona kitako hakina plasta, akanyanyua nyusi.

"Umeifungua."

"Nimeifungua."

"Kwa nini?"

"Walisema ni taa."

Alicheka kile kicheko chake cha kukohoa, watu wakageuka. Nikamshushia kinyumba hadi puani, bado kilikuwa na uvuguvugu. Alikinusa taratibu, na mie nikasimama mbele yake nikawakinga watu wasimharakishe.

Kabla ya adhuhuri watu watatu waliitaka. Niliiuza kwa mama mmoja aliyekuja kwa niaba ya jumba la makumbusho la huko huko ilikofinyangwa. Jirani yangu wa meza, yule wa sahani, alikuja na vikombe viwili vya chai, akaniuliza namna ya kutoa plasta. Nikamfundisha. Msifiche ujuzi, wanangu. Ujuzi uliofichwa ni kama chetezo kilichozibwa dohani.

Mwaka uliofuata nilipata barua. Yule mzee wa saa alikuwa amestaafu, na kamati ilikuwa ikiniomba nichukue nafasi yake. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikampigia mama kabla sijavua koti. Safari hii alisikia vizuri. Alipiga vigelegele vya kutoboa laini ya simu.

Asubuhi yangu ya kwanza ya ukaguzi nilivaa gauni langu la buluu na ushungi mpya. Kanuni ilikuwa hata wajumbe wenyewe vitu vyao vikaguliwe, wao wakikaa pembeni. Tukafika kwenye meza ya Alistair. Katikati aliweka kanisa zuri lenye mnara mrefu, na kadi imeandikwa: Zima kabisa, halijakarabatiwa popote. Mwenzangu mwenye daftari alilitazama, akasema, "Hili sote tunalijua. Tuendelee."

"Ngojeni," nikasema, maana mnara haukung'aa sawa na ukuta. Nikaomba Alistair aitwe, na nikaomba aletewe kiti. Sikutaka arudi akute nafasi tupu na kikaratasi.

Akaja, akaketi. Nikamwuliza amelipata wapi, akanieleza, kwa raha, kama mtu anayesimulia habari ya mtoto wake. Nilipomaliza kumsikiliza nililinyanyua lile kanisa, nikagusisha ncha ya mnara kwenye meno yangu ya mbele. Nikagusisha ukuta. Nikamkabidhi. "Fanya na wewe."

Akafanya. Ung'avu uliochomwa tanurini ni mgumu na wa baridi, unalia kwenye jino kama kokoto. Rangi ya mkarabati ni laini, haina sauti, inakaribia kuwa na uvuguvugu. Alijaribu mnara, akajaribu ukuta, akarudi mnara. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Mnara si wake," akasema. "Miaka kumi na miwili ninalo hili. Nimewaambia watu wote ni zima."

"Umemuuzia mtu?"

"Hapana. Sikutaka kuachana nalo."

"Basi hujamdanganya mtu," nikamwambia. "Ni kanisa la kweli na mnara uliovunjika. Liandike hivyo, na mie nitakuwa wa kwanza kulisifu."

Alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti, akapindua kadi, akaandika upya kwa mkono wake mbele yetu sote, polepole, herufi kwa herufi. Nikaisoma. Ilikuwa sawa. Nikatia sahihi yangu chini yake, jina zima, Mwanahamisi, wala sikulikata mahali popote, kisha nikachukua tochi tukaenda kwenye meza iliyofuata.